Usimwazime Mtu Jina Lako

Vyuo vikuu vinapofungua, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokea mambo mengi kwa mkupuo: namba ya usajili, kitambulisho, chumba cha hosteli kama kabahatika, ratiba ya vipindi, na akaunti ya mfumo wa chuo. Kitambulisho atakivaa shingoni na kukitunza. Akaunti ataiona kama fomu nyingine tu kati ya zile lukuki alizojaza tangu alipoomba udahili. Mimi kazi yangu ni Tehama chuoni, na sehemu kubwa ya vilio vinavyofika kwenye dawati letu la msaada huanzia kwenye dharau hiyo ndogo ya wiki ya kwanza.

Mfumo haukujui kwa sura wala kwa sauti. Unachokijua ni namba yako ya usajili na nywila yako. Atakayeviandika hivyo viwili, kwa mfumo huyo ndiye wewe: atasajili masomo, atayafuta, ataona matokeo yako kabla hujayaona mwenyewe, atasoma barua pepe zako, ataomba kuahirisha mwaka. Kumbukumbu za mfumo zitaandika jina lako, saa na dakika. Siku ya kuulizwa, utaulizwa wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: msaidie mwenzako kwa muda wako, kwa bando lako, hata kwa laptopu yako ukiwa umekaa pembeni yake, lakini jina lako usimwazime.

Najua ninaomba jambo gumu. Tumelelewa kusaidiana, na chuoni msaada huja kwa sura ya kawaida kabisa. Rafiki yako yuko kijijini, mtandao unakata, dirisha la usajili linafungwa usiku wa leo. Anakutumia namba na nywila kwa WhatsApp umsajilie. CR, kiongozi wa darasa, anataka kuhakikisha darasa zima limesajiliwa, anakusanya nywila za wote kwenye daftari moja. Wapenzi wanapeana nywila kama ushahidi kwamba hawafichani kitu. Hakuna hata mmoja hapo mwenye nia mbaya. Ila ule ujumbe unabaki kwenye simu mbili, na simu huuzwa, huibwa, hupelekwa kwa fundi. Daftari la CR husahaulika kwenye ukumbi wa mihadhara. Na wapenzi huachana. Nimewahi kumpokea binti aliyekuja ofisini akilia, masomo yake yote yamefutwa usiku wa mwisho wa usajili. Tulipofungua kumbukumbu tukakuta aliyeingia hakubahatisha hata mara moja. Aliandika nywila sahihi kwa jaribio la kwanza, akafuta somo moja baada ya jingine ndani ya dakika chache, akatoka. Binti alipoiona ile saa alinyamaza, kisha akasema anamjua.

Hatari hii ya mtu wa karibu ina umri sawa na nywila zenyewe. Kompyuta ya kushirikiana ya chuo cha MIT, Marekani, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutumia nywila, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, aliona saa nne alizopangiwa kwa wiki hazimtoshi kwa utafiti wake. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lililokuwa na nywila za watumiaji wote, akaanza kutumia saa za wenzake. Hakuwa jasusi wala mhalifu wa kutoka mbali. Alikuwa mwanachuo mwenye kazi nyingi na muda mchache, kama mlivyo ninyi.

Basi ukipewa nywila ya kuanzia, ibadilishe siku hiyohiyo. Mifumo mingine hutoa nywila ya mwanzo ambayo ni jina la ukoo au kitu kingine kinachojulikana, na namba yako ya usajili haina siri yoyote: iko kwenye karatasi za mahudhurio, kwenye orodha za makundi ya semina, kwenye matokeo yanayobandikwa. Nusu ya ufunguo iko hadharani tayari. Nusu iliyobaki iwe ndefu. Chukua maneno manne au matano ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, uyaunganishe: kinyonga, ndoo, Tabora, shangazi, jumanne. (Haya nimeshayaandika hapa, kwa hiyo usiyatumie.) Nywila ya namna hiyo inakumbukika, na kompyuta ya kubahatisha itahangaika nayo muda mrefu kuliko ile fupi yenye alama za ajabu ambayo mwishowe utaiandika kwenye jalada la daftari.

Nywila ya barua pepe iwe peke yake, usiitumie mahali pengine popote. Barua pepe ndiko zinakokwenda linki za kubadilishia nywila za kila kitu kingine, hivyo aliyeiteka hiyo ameziteka zote. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ambapo baada ya nywila unatakiwa kuingiza tarakimu zinazotoka kwenye simu yako. Kama huduma inakuruhusu kuchagua, tumia programu maalumu ya kutoa tarakimu hizo badala ya kuzisubiri kwa SMS, kwa sababu laini inaweza kubadilishwa na mtu mwingine. Na tarakimu hizo hazisomwi kwa mtu yeyote kwa simu, hata akijitambulisha kuwa ni sisi wa Tehama. Sisi hatuzihitaji. Wala hatuhitaji nywila yako. Tukitaka kukusaidia tuna njia zetu za kuibadilisha, na kila tunachokifanya nacho kinaandikwa kwenye kumbukumbu.

Wahadhiri nao niwaambie, kwa heshima zote. Kumkabidhi msaidizi au katibu muhtasi nywila yako akuingizie alama za mitihani ni kosa lilelile la CR, na lenu ni kubwa zaidi kwa sababu akaunti zenu zinabadilisha matokeo ya watu. Omba msaidizi apewe akaunti yake yenye ruhusa ndogo. Kama ofisi ya Tehama inachelewa kuitoa, isumbueni. Ni haki yenu.

Sasa twende steshenari, mahali ambapo naamini taarifa za wanafunzi wetu zinavuja kuliko pengine popote. Kila chuo kimezungukwa na vibanda vya kuchapa, kutoa kopi na kuskani. Vinatuokoa sana, na wenye vibanda wengi ni watu waungwana. Lakini siku moja kaa nyuma ya dada anayekuhudumia, utazame kioo cha kompyuta yake. Kimejaa mafaili kuanzia juu mpaka chini: wasifu wa watu, barua za maombi ya kazi, vyeti vya kidato cha nne vilivyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa, fomu za maombi ya mkopo zenye picha ya mdhamini, kitambulisho chake na sahihi yake. Wenye mafaili hayo walishaondoka siku nyingi. Kompyuta ni moja, wateja ni mamia, na anayekaa pale akipisha kwenda kula, kiti kinakaliwa na mwingine. Mtu akitaka kuomba mkopo wa mtandaoni kwa jina la mdhamini wako, ambaye pengine ni baba yako mdogo aliyekubali kwa huruma, anakuta kila kitu pale pale kwenye kioo.

Ukienda steshenari, peleka faili lililokamilika, katika muundo wa PDF, kwenye flashi yenye hilo faili tu. Usifungue barua pepe yako pale kama kuna njia nyingine. Ikibidi, tumia dirisha la faragha la kivinjari, na kataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila. Ukimaliza toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Halafu, kwa adabu lakini bila kuona haya, mwombe mhudumu afute faili lako mbele yako, kwenye kioo na kwenye pipa la taka la kompyuta. Nyaraka zilizotumwa kwa WhatsApp ya kibanda nazo zifutwe. Atakuona msumbufu mara ya kwanza. Mara ya tatu atafuta kabla hujamwambia.

Flashi ikirudi kutoka huko, usiifungue kwenye laptopu yako kabla ya kuipitisha kwenye programu ya kuzuia virusi. Mafaili yakigeuka ghafla kuwa vijialama vya njia ya mkato, usibofye hata kimoja. Mafaili yako halisi mara nyingi bado yamo ndani, yamefichwa tu, na fundi anayejua anaweza kuyarudisha.

Msimu mwingine wa hatari ni wa bumu, pesa za mkopo za kujikimu. Bodi ya Mikopo inapotangaza majina ya awamu mpya, au pesa zinapochelewa, matapeli nao wanaamka. Ujumbe unakuja kwamba jina lako lina dosari, bonyeza hapa urekebishe leo kabla ya saa sita usiku. Au kuna afisa anayeweza kukuingiza kwenye awamu inayofuata ukimtumia kiasi fulani. Wenye njaa na wenye ada inayodaiwa wanabonyeza. Siwalaumu. Tapeli anachagua siku ambayo akili yako iko kwenye chakula.

Jizoezeni mambo mawili. La kwanza, pesa ya taasisi ya serikali haipelekwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ada ya kuomba mkopo hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe wa maombi, na ukilipa unaona jina la taasisi. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo. La pili, soma anwani ya tovuti kutoka nyuma. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha tazama kilicho kushoto kwake. Anwani za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na go.tz na za vyuo vyetu huishia na ac.tz. Maneno hayo yakiwa katikati, yakafuatiwa na neno geni, hiyo tovuti ni ya mtu mwingine hata kama ina nembo na rangi zilezile. Afadhali zaidi, usipitie kwenye linki kabisa: andika mwenyewe anwani unayoijua. Namba iliyokutumia utapeli itume Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040, ni bure na haichukui muda.

Wapo wanaodhani haya ni masuala ya wanafunzi wasio na uzoefu. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kina wataalamu na bajeti kubwa. Oktoba 2019 watumishi wake walifungua linki kwenye barua pepe za ulaghai. Hakuna kilichoonekana kutokea. Kumbe waliotuma walikuwa wameshaingia, na kwa zaidi ya miezi miwili walizunguka ndani ya mtandao wa chuo polepole, wakitafuta seva ambazo hazijasasishwa, mpaka wakapata madaraka kamili. Tarehe 23 Desemba, watu wakiwa wameelekea likizo ya Krismasi, wakawasha programu inayofungia mafaili na kudai malipo. Seva 267 zikafungwa, zikiwemo zenye nakala za akiba, kwa sababu baadhi ya nakala hizo zilikuwa zimeunganishwa kwenye mtandao uleule. Chuo kililipa bitcoin 30, karibu euro 200,000, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakaribia mitihani na watafiti wangepoteza kazi za miaka. Baadaye polisi walifuatilia sehemu ya fedha hizo, na mwaka 2022 zikarudi zikiwa zimepanda thamani mpaka karibu euro 500,000. Bahati ya namna hiyo haipangwi.

Ninachotaka mkione hapo ni ile miezi miwili. Kama kila aliyefungua ile linki angepiga simu ofisini siku hiyohiyo akasema, "Nimebonyeza kitu sikielewi," pengine habari ingekuwa nyingine. Kwa hiyo ukibonyeza, sema. Ukisema ndani ya saa ya kwanza tunaweza kuifunga akaunti, kuwatoa walioingia na kuwaonya wenzako. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, kisha kwenye mipangilio ya barua pepe kagua kama kuna mtu ameweka agizo la kupeleka nakala za barua zako kwake; wengi husahau hili, wanabadilisha nywila huku barua zao zikiendelea kusomwa. Usifute ule ujumbe wa ulaghai, tunauhitaji. Kama ni simu au laptopu iliyoibwa, nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako, zuia laini yako, na toa vifaa vyote kwenye akaunti zako. Na wakuu wa idara, nawaomba: mtumishi au mwanafunzi anayekuja mwenyewe kuripoti asikaripiwe mbele ya watu. Akikaripiwa mmoja, kumi wanaofuata watanyamaza.

Kwenye laini ya simu nako kuna uzembe. Wakala wa laini anayekaa chini ya mwavuli anakwambia kidole hakijasoma, weka tena, na tena. Kila kidole kilichosoma bila wewe kujua kinaweza kusajili laini nyingine kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ipeleke kwa mtandao husika ifungwe. Na rafiki anayekuomba umsajilie laini kwa sababu kitambulisho chake hakijatoka, msindikize NIDA. Laini ni jina lako kwa uhakika zaidi hata ya akaunti ya chuo.

Mwaka wa tatu unaleta kishawishi kingine: SPSS ya kreki, yaani programu ya takwimu isiyo na leseni halali. Mwongozo unaokuja nayo unakuambia kwanza uzime programu ya kuzuia virusi. Tafakari sentensi hiyo. Mtu usiyemjua anakuomba umfungulie mlango na kumfunga mbwa, na wewe una data ya utafiti, barua pepe na akaunti ya benki humo ndani. Programu za bure na halali zipo na zinafanya kazi hiyo: R, JASP na PSPP, ambayo imetengenezwa kufanana na SPSS yenyewe. LibreOffice inaandika tasnifu vizuri, Zotero inapanga marejeo. Kabla ya kushusha kreki, uliza maktaba au ofisi ya Tehama chuo kina leseni zipi; mara nyingi zipo na hakuna anayeziulizia.

Utafiti wenyewe uwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na chumba chako. Laptopu ikiibwa hosteli, flashi iliyokuwa kwenye mkoba uleule imeondoka nayo. Nakala moja iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, na mara moja moja jaribu kuifungua, maana nakala isiyofunguka utaigundua siku ya kuihitaji.

Kisha kuna taarifa za wengine mlizonazo mikononi. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefanya mazoezi wodini ana madaftari ya wagonjwa. Wa sosholojia ana rekodi za mahojiano na wanawake waliomwamini wakamweleza mambo ya ndoa zao. Siku hizi naona watu wakibandika mahojiano mazima, pamoja na majina na vijiji, kwenye programu za akili unde ili ziwatafsirie au ziwafupishie. Yule mama hakukubali maneno yake yaende huko. Ondoa majina, ondoa kata na kijiji, badilisha kinachoweza kumtambulisha, na fuata kile ulichoahidi kwenye fomu ya ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inavihusu vyuo kama inavyozihusu benki. Orodha ya darasa yenye namba za simu haitakiwi kurushwa kwenye kundi la watu mia tatu, wala matokeo ya mwenzako aliyepata sapu hayapaswi kupigwa skrinshoti. Picha za faragha za mtu, ukizipokea, ziishie kwako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina kipengele cha kusema "nilitumiwa tu". Na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya sheria hiyo hata kama hukuiba kitu, hata kama alikuwa mpenzi wako, hata kama nywila aliisahau wazi.

Ukifika muhula wa mwisho, uliza mapema chuo chako kinafunga lini akaunti za wahitimu. Kila chuo kina utaratibu wake. Hamisha tasnifu, barua na picha zako kabla ya hapo. Kagua ni wapi umejiandikisha kwa barua pepe ya chuo, kwenye mifumo ya ajira, kwenye akaunti ya Bodi ya Mikopo, kwenye benki, uweke anwani yako ya kudumu. Wahitimu wengi huja kwetu mwaka mmoja baadaye wakiwa wameitwa kwenye usaili na barua ya kuwaita imekwenda kwenye akaunti iliyofungwa. Laptopu usiiuze kabla ya kuifuta kabisa. Kama ulikuwa CR, futa orodha za wenzako kwenye simu na kwenye barua pepe. Na kama ulikuwa unasimamia ukurasa wa klabu, mwongeze anayekufuata awe msimamizi kwa akaunti yake mwenyewe, hakikisha ameingia, kisha jiondoe.